Miaka 60 ya Kungojea Dakika Chache za Kuelea

Hamu ya kuruka na kuelea bila uzito imo katika nyoyo za watu wengi tangu utotoni, lakini ni wachache walioitunza kwa subira ndefu kama rubani wa Kimarekani Wally Funk, aliyepimwa kwa ajili ya safari za anga za juu mwaka 1961 akiwa na umri wa miaka 22, na akazifikia anga hizo mwaka 2021 akiwa ametimiza miaka 82.

Vipimo hivyo viliongozwa na Dkt. William Randolph Lovelace mjini Albuquerque, tabibu ambaye tayari alikuwa amewapima wanaanga wa kwanza wa Marekani na sasa alitaka kujua iwapo wanawake nao wangehimili misukosuko ileile. Maji ya barafu yalimiminwa masikioni mwa wanawake waliopimwa ili kuivuruga sehemu ya ndani ya sikio inayomwezesha mtu kusimama bila kuyumba, na baadaye Funk aliwekwa katika tangi la maji ya uvuguvugu, gizani na kwenye ukimya mtupu, akastahimili kwa zaidi ya saa 10. Yeye na wenzake 12 walifaulu.

Hata hivyo, mpango huo haukuwa wa shirika la anga la Marekani, NASA, ambalo wakati huo lilidai wanaanga wawe marubani wa majaribio wa ndege za jeti, kazi ambayo jeshi halikuwaruhusu wanawake kuifanya. Kwa hiyo sharti ambalo halikuwataja wanawake liliwafungia mlango wote. Valentina Tereshkova wa Muungano wa Kisovieti aliruka mwaka 1963, ilhali Marekani ilingoja hadi mwaka 1983 ilipomrusha Sally Ride. Funk hakuiacha anga: alifundisha maelfu ya watu urubani, na mwaka 1974 akawa mwanamke wa kwanza kuwa mchunguzi wa ajali za ndege katika bodi ya taifa ya usalama wa usafiri.

Hali aliyoitamani huitwa kutokuwa na uzito, jina linaloweza kupotosha, kwa maana katika kimo cha kilomita 100 nguvu ya mvutano wa dunia hupungua kwa takriban asilimia 3 tu. Mtu huhisi uzito wake kwa sababu sakafu humzuia asianguke. Injini ya roketi inapozimika, chombo na abiria huwa chini ya mvutano huo pekee na huenda kwa mwendo mmoja, hivyo sakafu haimsukumi tena naye huelea.

Tarehe 20 Julai 2021, chombo cha abiria kiitwacho New Shepard, Funk akiwemo ndani, kilipaa kutoka magharibi mwa Texas na kuvuka mstari wa Kármán, yaani kimo cha kilomita 100 kinachohesabiwa na wengi kuwa mwanzo wa anga za juu. Safari nzima ilichukua takriban dakika 10, na kuelea kwenyewe dakika chache tu, lakini ilimfanya Funk kuwa mtu mwenye umri mkubwa zaidi aliyewahi kufika huko hadi siku hiyo. Aliposhuka alieleza kwamba angetamani muda mrefu zaidi wa kujiviringisha hewani, na kwamba alitaka kurudi upesi. Matamanio hayo ni ya haki, kwani mwili wake ulikuwa tayari tangu mwaka 1961, na miaka yote iliyofuata haikupotezwa na udhaifu wake bali na masharti yaliyowekwa na watu.