Daktari akisema 'chanya', ana maana gani?

Majuzi binamu yangu, mama wa watoto watatu ambaye hajawahi kuvuta hata sigara moja, aliitwa hospitalini kuelezwa matokeo ya kipande cha nyama kilichotolewa kwenye uvimbe wa pafu lake. Kwamba ni saratani alikuwa ameshaambiwa. Siku hiyo aliambiwa kipimo cha EGFR kimetoka 'chanya'. Nyumbani vilio vikatanda. Kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa afueni!

Tatizo hapa ni la lugha. Katika siasa na biashara, chanya ni jambo jema. Hospitalini, tangu vije vipimo vya Ukimwi, masikio yetu yamezoea kwamba chanya ni msiba. Maabara yenyewe haina habari na mema wala mabaya. Husema tu kwamba kilichotafutwa kimepatikana.

Kinachotafutwa huitwa kiashiria cha kibayolojia. Wengine husema bayomaka. Kitenzi ashiria kina asili moja ya Kiarabu na nomino ishara. Basi ni ishara ya mwilini inayopimika: jeni iliyobadilika, protini juu ya seli, au vipande vya DNA ya uvimbe vinavyoelea damuni.

Lakini ishara ya nini? Hapo ndipo wengi, hata wafasiri, huteleza. Kipo kiashiria cha utambuzi, kinachobainisha aina ya uvimbe. Kipo cha ubashiri, kinachodokeza ugonjwa utaelekea wapi, dawa iwe yoyote. (Bashiri kwa asili ni kupasha habari njema, sina raha nalo hapa, ila limekwisha kuzoeleka.) Kisha kipo cha mwitikio, kinachoonyesha dawa ipi itafaa.

EGFR, jeni inayohusika na ukuaji wa seli, ni hasa ya kundi hili la tatu. Mnamo 2004 watafiti wa Boston walibaini kwamba wagonjwa waliopata nafuu kubwa kwa vidonge vya gefitinib walikuwa na mabadiliko katika jeni hiyo. Utafiti wa Asia Mashariki uliochapishwa 2009 ukaonyesha upande wa pili: wasio na mabadiliko hayo walifaidi zaidi kemotherapi. Dawa ileile, heri kwa huyu, hasara kwa yule. Anayefasiri ripoti akichanganya ubashiri na mwitikio, mgonjwa atadhani anahesabiwa siku, ilhali anachaguliwa dawa.

Binamu alihofia pia kwamba wanawe wamerithi. Nikamwambia, rudi kwa daktari umuulize. Akaelezwa kuwa mabadiliko haya kwa kawaida hutokea kwenye uvimbe wenyewe, hayatoki kwa mzazi. Pia aliomba aandikiwe 'mabadiliko ya jeni yamepatikana' badala ya chanya. Ameandikiwa, na vidonge ameanza Jumatatu.