Kijana Aliyesoma Dalili za Wengine, Zake Zikampita

Wapo wenzetu katika majeshi na polisi wasemao kwamba hadithi ya mapenzi ya utotoni haina faida kwa mtu aliyevaa sare. Ningependa kuwaonyesha kinyume chake kwa hadithi moja fupi, "Araby", iliyoandikwa na James Joyce wa Ireland (1882–1941). Hadithi hiyo ni ya tatu kati ya 15 zilizomo katika kitabu chake "Dubliners", kilichotolewa mwaka 1914, wakati Ireland nzima ilipokuwa ingali chini ya Uingereza.

Kisa chenyewe ni chepesi. Kijana wa Dublin, aishiye kwa mjomba wake, amempenda dada wa rafiki yake, ingawa hawajapata kusemezana ila maneno machache ya kupita. Siku moja msichana anamwuliza kama atakwenda kwenye soko la hisani liitwalo Araby, yaani Uarabuni. Yeye mwenyewe hawezi kwenda, kwa kuwa shule yake ya watawa ina mafungo. Kijana anaahidi kwamba akienda atamletea kitu. Jumamosi ikifika, mjomba anachelewa na fedha hadi saa tatu usiku. Kijana anafika sokoni maduka karibu yote yamekwisha kufungwa, wala hanunui kitu.

Ndugu msomaji, ukitazama juu juu utasema hapana lililotokea. Lakini Joyce hasemi kwamba kijana huyu amedanganyika. Anaviachia vitu viseme. Mtaa wanamoishi hauna tokeo. Katika Kiingereza neno moja hutumika kwa kipofu, kwa njia isiyo na tokeo na kwa pazia la dirishani. Kila asubuhi kijana hulala sakafuni akiuchungulia mlango wa msichana, pazia limeteremshwa, umebaki upenyo usiofika inchi moja. Mlinzi atazamaye kwa upenyo wa namna hiyo ataona nini?

Hali ya hadithi nzima ni giza la majira ya baridi: vyumba vyenye hewa nzito, nyumba aliyofia padre, na pampu ya baiskeli iliyoshika kutu chini ya kichaka. Katika giza hilo mwanga wa taa unamwangukia msichana shingoni, kwenye nywele na mkononi. Tunauona mwanga uliomwangukia, wala hata jina lake hatuambiwi. Akipita katika makelele ya sokoni, kijana hujiona amebeba kikombe kitakatifu katikati ya maadui. Askari aliyepata kulinda bendera ataielewa heshima hiyo. Ila kijana hajajiuliza kikombe kina nini ndani.

Polisi nao wana lao. Kati ya vitabu alivyoacha padre kuna kumbukumbu za Vidocq, Mfaransa aliyekuwa mhalifu kisha akawa mkuu wa wapelelezi wa Paris. Kijana anakipenda kuliko vingine, kwa sababu kurasa zake ni za manjano! Rangi imemtosha.

Hata hivyo si mjinga. Mjomba anaporudi, kijana anausikia ufunguo mlangoni, mtu akijisemesha peke yake, na kiango cha nguo kikiyumba kwa uzito wa koti. Anatwambia kwamba alijua kuzifasiri dalili hizo. Ulevi hautajwi, lakini tumekwisha kuuona. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo penye kiini cha hadithi: mwenye jicho kali kwa makosa ya mjomba hajaligeuza jicho hilo kwake mwenyewe.

Sokoni dalili zinamfikia zote pamoja. Uarabuni, ambako kwa watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki ni nchi ya majahazi, tende na jamaa wanaojulikana, kwake lilikuwa neno la uchawi tu. Anakuta wanaume wawili wakihesabu fedha, na mwuzaji akifanya mzaha na mabwana wawili kwa lafudhi ya Kiingereza. Katika shilingi mbili alizopewa, moja imekwenda kwa kiingilio. Mfukoni zimebaki peni nane. Taa zinazimwa. Katika giza hilo anajiona jinsi alivyo, macho yakimwaka kwa uchungu na hasira.

Msichana hakumkosea kitu. Hakumdanganya wala hakumwomba zawadi. Ahadi aliitoa kijana mwenyewe. Askari wetu wangapi vijana, walio mbali na nyumbani, wametumia mshahara wa mwezi kwa ajili ya sura waliyoijenga wenyewe, kisha wakamlaumu binti asiyejua lolote? Tumezoezwa kusoma nyayo za adui na uso wa mshukiwa. Hadithi hii inatudai zoezi la tatu, lililo gumu kuliko yote: kuzisoma dalili za moyo wetu kabla taa hazijazimwa.