Unauza maua ya chungu mtandaoni? Chagua chungu kabla hujapiga picha

Mfanyabiashara mwenzangu, kama unauza maua WhatsApp, Instagram au Facebook, ujumbe huu unaujua: "Dada, lile ua limekufa. Majani yamekuwa ya njano, yote yamedondoka. Na nilikuwa nalimwagilia kila siku!"

Mteja anaona umemuuzia ua bovu. Wewe unaona mteja hajui kutunza. Lakini mara nyingi shida ilianza siku ulipochagua chungu.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme ua umelinunua 5,000 bustanini, chungu 6,000, udongo na mbolea 1,000. Umetumia 12,000, umeuza 18,000, faida 6,000. Ua likifa, ukampelekea mteja lingine na bodaboda ukalipia wewe 3,000, umetoa 8,000. Faida yote imekwenda, na 2,000 umeitoa mfukoni. Usipompelekea, umempoteza yeye na shoga zake wote aliowaonyesha.

Kwa hiyo chungu siyo pambo la picha tu. Haya ndiyo ya kuangalia.

1. TUNDU KWANZA, UREMBO BAADAYE

Mizizi inahitaji maji, lakini inahitaji na hewa. Udongo ukishiba maji muda wote, hewa inakosa pa kukaa na mizizi inaoza. Mzizi uliooza haunyonyi tena maji, kwa hiyo majani yananyauka kama vile ua lina kiu. Mteja akiona hivyo anafanya nini? Anaongeza maji! Hapo ndipo anapolimaliza kabisa, na nia yake ilikuwa njema.

Wengi tunaamini ukiweka kokoto chini ya chungu kisicho na tundu, umemaliza tatizo. Siyo kweli. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto. Yanang'ang'ania kwenye udongo mpaka ushibe kabisa. Kokoto zinachofanya ni kupunguza nafasi ya udongo, na ule ulioloa unazidi kuwa karibu na mizizi.

Jaribu hivi kabla ya kuuza: panda ua, mwagilia mpaka udongo uloe wote, kisha angalia chini. Maji yakitoka bila kusubiri sana, chungu kiko sawa. Yasipotoka, ongeza matundu. Chungu cha plastiki unatoboa kwa msumari uliopashwa moto. Cha udongo au cha kigae kinataka drili yenye biti ya vigae, taratibu, huku unamwagia maji ili kisipasuke.

Na kile chungu kizuri kisicho na tundu ambacho wateja wanakipenda? Usikitupe. Kiuze kama chungu cha nje. Ua linabaki kwenye kopo la plastiki lenye matundu, kopo linaingia ndani ya chungu cha urembo. Siku ya kumwagilia, mteja anatoa kopo, anamwagilia, anasubiri lichuruzike, analirudisha. Wewe umeuza vitu viwili badala ya kimoja.

2. UKUBWA: KIKUBWA SIYO LAZIMA KIWE BORA

Mteja anasema, "Niwekee kwenye kubwa ili likue haraka." Ua dogo kwenye chungu kikubwa linazungukwa na udongo mwingi ambao mizizi haijaufikia. Udongo huo unakaa na maji siku nyingi, na tunarudi kwenye kuoza.

Ukihamisha ua, chagua chungu kipya kinachozidi cha zamani kwa sentimita 2 hadi 5 tu upana wa mdomo. Ukubwa unapanda kwa kasi kuliko macho yanavyoona: chungu cha sentimita 30 kinabeba udongo zaidi ya mara 3 ya chungu cha sentimita 20 chenye umbo lile lile. Maana yake udongo mara 3, uzito mara 3, na bodaboda atakuongezea bei.

Kidogo mno nacho ni tatizo. Kinakauka kabla ya jioni na upepo unakiangusha. Mizizi ikianza kutokea kwenye matundu ya chini, ua linaomba kuhamishwa.

3. CHUNGU CHA NINI? ANGALIA KIU YA UA

Chungu cha udongo wa kuchoma kinapumua. Maji yanatoka pia kwa kupitia kuta zake, kwa hiyo udongo unakauka mapema. Kinafaa sana kwa maua yasiyopenda maji mengi na kwa mteja mwenye mkono mzito wa kumwagilia. Ubaya wake ni uzito, na kinavunjika njiani.

Plastiki ni nyepesi, bei nafuu, na inatunza maji. Inafaa maua yenye kiu na mteja anayesahau. Kwa mzigo wa basi kwenda mkoani, hii ndiyo salama. Angalia rangi tu: plastiki nyeusi juani inapata moto na kuchemsha mizizi. Mteja mwenye kibaraza cha jua la mchana mpe rangi nyeupe au ya mwanga.

Cha kigae kinachong'aa kinapendeza kwenye picha, ila kinatunza maji kama plastiki. Tundu ni lazima.

Cha saruji kinadumu na hakiangushwi na upepo. Kikiwa kipya kinatoa chokaa inayosumbua baadhi ya maua. Kijaze maji siku kadhaa, ukibadilisha, ndipo upande.

4. MAUA MANNE YANAYOULIZIWA SANA

Waridi la jangwani, yaani adeniumu: lile lenye shina nene kama mbuyu mdogo. Asili yake ni maeneo makavu ya Afrika, hata huku kwetu Afrika Mashariki, mpaka Uarabuni. Lipe chungu cha udongo, kipana na kifupi, udongo wenye mchanga mwingi. Shina linavimba hadi kupasua chungu, kwa hiyo usilibane mno. Mwambie mteja utomvu wake ni sumu. Anawe mikono na aliweke mbali na watoto.

Bogenvilia: linachanua vizuri mizizi ikibanwa kidogo na jua likiwa la kutosha. Ukiliweka kwenye chungu kikubwa na maji mengi, utapata majani tu, maua hakuna.

Waridi la kawaida: mizizi yake inakwenda chini. Tafuta kina cha kuanzia sentimita 30.

Asumini: halipendi kukauka kabisa. Plastiki au kigae chenye tundu kinalifaa kuliko udongo.

Kwa maua yote, epuka chungu chenye shingo nyembamba kama mtungi. Siku ya kulihamisha, ama uvunje chungu, ama ukate mizizi.

5. KISAHANI CHA CHINI

Kinaokoa sakafu ya mteja, lakini maji yasilale humo. Yanarudi kwenye mizizi, na mbu wanaoeneza dengue wanazaliana kwenye maji machache ya namna hiyo. Dar es Salaam ilishapata mlipuko wa dengue mwaka 2014, na tena 2019. Mwambie mteja amwage maji nusu saa baada ya kumwagilia.

6. ANDIKA HAYA KWENYE POSTI YAKO

Picha haionyeshi kila kitu. Andika upana wa mdomo na kimo kwa sentimita, pima kwa rula, usikisie. Andika chungu ni cha nini, na kwamba kina matundu. Piga picha ya chini ya chungu pia! Wauzaji wachache wanafanya hivyo, na mteja aliyewahi kupoteza ua ataielewa mara moja.

Kabla ya kupokea oda, muulize maswali 3: Ua litakaa ndani au nje? Jua linafika saa ngapi? Wewe ni mtu wa kumwagilia kila siku au wa kusahau? Majibu yake ndiyo yanayochagua chungu. Halafu mtumie maelekezo mafupi: achovye kidole kwenye udongo, ukiwa mkavu kina cha kiungo kimoja ndipo amwagilie. Kwa adeniumu asubiri ukauke zaidi.

Mteja ambaye ua lake limechanua nyumbani atalipiga picha mwenyewe na kuliweka status. Hilo ni tangazo ambalo hujalilipia hata shilingi.

Hifadhi posti hii, mtumie na mwenzako anayeuza maua. Wewe unauza maua gani, na unayapeleka kwa mteja kwenye chungu cha aina gani? Tuandikie hapo chini tujifunze wote.