Anza na Njia ya Kurudi

Wakazi wapya wa Mwanza, hasa watumishi waliohamishiwa hapa kutoka mikoa ya kati, huniuliza swali moja karibu kila mwezi: "Jumamosi nikitaka kutoka na familia, niende wapi, na ni kilomita ngapi?" Sehemu ya pili ya swali ndiyo inayowapoteza. Aliyekulia Dodoma au Singida amezoea kuipima safari kwa kilomita, kwa kuwa barabara ya kwendea ndiyo ya kurudia. Mwanza ni mji wa ukingoni mwa maji. Kisiwa kisichofika kilomita 60 kinaweza kukumalizia nusu siku, ilhali hifadhi iliyo umbali wa kama kilomita 140 ukaifikia kabla ya saa nne asubuhi. Mimi napima kwa kurudi. Jua kwanza utarudi na chombo gani, saa ngapi, na upepo wa saa hiyo utakuwa unavuma kutoka wapi. Ukishayajua hayo, mahali pa kwenda hapasumbui kuchagua.

Lenye ratiba ni ziwa. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 68,800, lakini ni pana kama sinia kuliko lilivyo la kina: penye kina kirefu kabisa ni kiasi cha mita 80 tu. Mchana jua huipasha nchi kavu haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya nchi kavu hupata joto na kupanda, na hewa yenye ubaridi kutoka ziwani huja kushika nafasi yake. Huo ndio upepo wa alasiri tunaoufuata Capri Point. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji yanabaki na joto lake, na upepo huvuma kutoka kila upande wa pwani kwenda katikati ya ziwa. Pepo hizo zikikutana hazina pa kwenda ila juu, na huko juu hujenga mawingu ya radi. Ndiyo maana mvua nyingi kali za ziwani hunyesha kati ya usiku wa manane na asubuhi, wakati mtu wa mjini amelala na mvuvi wa dagaa yuko kazini.

Kwa hiyo ukitaka kuvuka kwa boti ndogo, amka uangalie mawingu upande wa ziwa. Yakiwa bado meusi, kunywa chai kwanza. Yakishatawanyika, maji huwa yametulia, na saa zile za kuanzia saa tatu hadi adhuhuri ndizo za kuvukia. Alasiri mawimbi huinuka tena. Boti kubwa haijali sana. Mtumbwi na boti ya watu kumi hujali, na watoto waliomo hujali zaidi.

Kwa utaratibu huo Saanane inamtosha kila mtu, na bado nakutana na waliozaliwa Kirumba wakafikisha miaka arobaini bila kuikanyaga. Boti hutokea upande wa Capri Point, na safari ni ya dakika chache. Kisiwa kimepewa jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa mwenyewe wa hapo. Mwaka 1964 kikafanywa bustani ya kwanza ya wanyama nchini, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Pamoja na maji yake ni kilomita za mraba 2.18, hifadhi ndogo kuliko zote tulizonazo. Usiende kutafuta tembo. Nenda ukamwone pimbi akiota jua juu ya jabali, kisha umweleze mtoto kwamba mnyama huyo wa saizi ya sungura ana undugu wa karibu na tembo. Nenda ukamwone mjusi dume mwenye kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu, ambaye wanasayansi walimpa jina la mji wetu: Agama mwanzae.

Mawe yenyewe yanastahili saa nzima. Watu wengi huamini kwamba mawe yaliyopandana, kama Jiwe la Bismarck pale ufukweni, yalirushwa na volkano au yalibebwa na maji. Hayakutoka popote. Ni matale yaliyoganda chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Jabali lile lilikuwa moja, lenye nyufa za wima na za ulalo kama ukuta wa matofali. Maji ya mvua yakapenya kwenye nyufa, yakalilainisha jiwe kutoka pembeni hadi likawa udongo. Pembe huliwa upande huu na huu kwa pamoja, hivyo kila tofali likawa duara, likibaki limezungukwa na udongo wake. Baadaye mvua ikausomba udongo, na mawe yakabaki pale pale yalipokuwa, moja juu ya jingine. Ukiliona jiwe limekaa kwenye ncha kana kwamba litaanguka kesho, fahamu kwamba halikuwekwa juu ya mwenzake na mtu wala mafuriko. Yote mawili yalikuwa mwamba mmoja.

Fukwe za Ilemela na Igombe hazihitaji maelezo yangu. Sato wa kuchoma, ugali, upepo, muziki. Ninachotaka kukisema wazi ni kichocho, kwa sababu kila wikendi naona wazazi wakiwaachia watoto kucheza penye maji ya magotini, karibu na majani, wakidhani ndipo salama. Kwa kuzama, ni kweli ni salama zaidi. Kwa kichocho ni kinyume chake. Konokono wanaobeba vimelea hukaa kwenye maji ya kina kifupi yaliyotulia, yenye majani. Vimelea huwatoka konokono mwanga ukishapanda, kwa wingi zaidi kuelekea mchana, na dakika chache zinatosha kuipenya ngozi. Anayeruka kutoka kwenye boti penye maji ya wazi na kina ana hatari ndogo kuliko anayechezea kwenye matete. Ukishaingia, usingoje kuumwa: nenda kapimwe baada ya wiki sita hadi nane, wakati mayai yameanza kuonekana kwenye choo. Dawa yake, prazikwanteli, inafahamika na inatibu.

Kuna safari nyingine isiyohitaji hata gari, nayo hufuata mwezi. Wavuvi wa dagaa hutumia taa kuwavuta samaki, zamani karabai, siku hizi zaidi taa za betri na za sola. Taa haina nguvu penye mbalamwezi, kwa hiyo siku za mwezi mpevu wengi hupumzika na kushona nyavu. Siku za giza huingia kazini wote. Panda mlima wowote wenye kutazama ziwa usiku wa giza, utaona mji wa pili umewaka juu ya maji. Asubuhi yake nenda mwaloni Kirumba, kwenye soko la dagaa. Ukienda wakati wa mbalamwezi utarudi ukisema hapana kitu, na kosa litakuwa la kalenda yako.

Upande wa nchi kavu, barabara ya Musoma ndiyo yenye utajiri, na Bujora ndiyo ya kwanza. Ni pale Kisesa, takriban kilomita 20 kutoka mjini. Daladala zinafika, na kurudi hakuna wasiwasi. Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliijenga parokia katika miaka ya 1950, ndiye aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma, na kanisa lake limefuata umbo la msonge. Kuna ngoma za watemi na jumba la watemi lenye umbo la kiti cha enzi. Kitu kinachonirudisha mimi kila mara ni mahali panapoonyesha jinsi makundi ya rika mbalimbali ya Wasukuma yalivyokuwa na maneno yao tofauti ya kuhesabia moja hadi kumi. Mtoto, kijana na mzee wangeweza kuhesabu ng'ombe wale wale kwa maneno matatu tofauti. Mwezi Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, huja tamasha la Bulabo, ambapo vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana. Ukiwa na Jumamosi moja tu kwa mwaka, itunzie hiyo. Njiani kurudi nunua michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa.

Kutoka barabara hiyo hiyo, wilayani Magu, kuna Kageye, kijiji kando ya Ghuba ya Speke. Henry Morton Stanley alifika hapo tarehe 27 Februari 1875 na mashua iliyoitwa Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande na wapagazi kutoka Bagamoyo. Ikaunganishwa hapo, ikalizunguka ziwa kwa siku 57. Vitabu humtaja Stanley peke yake. Mshika usukani alikuwa Wadi Safeni, mmoja wa Waungwana waliotoka Unguja, na ndiye ningependa mtoto wa shule atajiwe akisimama ufukweni pale. Mwenzao Frederick Barker, kijana Mwingereza, alifia Kageye wakati mashua ikiwa bado ziwani.

Nimewahi kusoma jinsi wakazi wa Buenos Aires, mji mkubwa wa Argentina, wanavyotumia Jumapili zao. Wengi hupanda treni kwenda Tigre, kama kilomita 30 kaskazini, mahali mto Paraná unapogawanyika kuwa visiwa vingi. Kutoka hapo huchukua boti za mbao zinazosimama gati hadi gati kama daladala, zikiwashusha watu kwenye nyumba za kukodi na migahawa. Visiwa vyao si vizuri kuliko vyetu. Walicho nacho ni uhakika kwamba jioni boti itapita tena. Palipo na uhakika huo, hata mwenye mfuko mdogo huenda.

Sisi tumeanza kuupata upande wa magharibi. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na jina la John Pombe Magufuli. Kabla yake kila aliyevuka kwenda Sengerema au Geita alikula chakula cha mchana huku akiwaza foleni ya kivuko. Sasa anavuka kwa dakika chache, saa yoyote. Hata kisiwa cha Rubondo kimesogea, ingawa bado si ya siku moja: hifadhi tangu 1977, yenye nzohe, tembo na sokwe ambao mababu zao waliletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969. Ipe usiku mbili.

Serengeti, kwa lango la Ndabaka lililo kando ya barabara kuu wilayani Bunda, inawezekana kwa siku moja ukiondoka Mwanza alfajiri. Ukanda huo wa magharibi una mto Grumeti na mamba wake, na nyumbu hupita huko kama Mei na Juni. Magari hayaruhusiwi kuzunguka hifadhini usiku, basi saa nane mchana geuza gari, hata kama dereva ameambiwa kuna simba mbele.

Nimeiacha Ukerewe mwisho kwa sababu ndiyo niipendayo na ndiyo yenye kudai adabu. Meli kutoka Mwanza hadi Nansio huchukua zaidi ya saa tatu. Anayetaka kwenda na kurudi siku hiyo hiyo ataliona gati tu. Nenda Jumamosi, lala, rudi Jumapili. Na ukishuka Nansio, kabla ya kutafuta baiskeli au chumba, uliza habari za chombo cha kesho. Njia ya pili ni ya Bunda hadi Kisorya, kisha kivuko kifupi hadi Rugezi.

Hapa nasema bila kupunguza neno. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, na mamia ya watu wakapotea. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa imebakiza kidogo kufika gati la Ukara; zaidi ya watu 220 walikufa. Chombo kilichojaa kupita kiasi huelea vizuri mpaka watu wanaposogea upande mmoja, na watu husogea upande mmoja wakati wa kushuka, nchi kavu ikiwa inaonekana. Ukifika gatini ukaona kimejaa, ngoja kinachofuata. Mvalishe mtoto jaketi la kujiokolea kabla kamba haijafunguliwa. Kama mpango wako hauna nafasi ya kungoja chombo cha pili, mpango huo umekosewa tangu nyumbani.

Ukishafika, kuna machungwa, ugali wa muhogo, jumba la mtemi pale Bukindo, na kumbukumbu ya Aniceti Kitereza. Mzee huyu alimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Haikuchapishwa. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ilitoka mwaka 1980; yeye akafariki mwaka uliofuata. Ndani yake mna uvuvi, kilimo, ulevi wa pombe ya ndizi, uchumba na safari za mitumbwi za kisiwa hicho hicho, zimeelezwa na mtu aliyezijua kwa mikono. Sijui mwongozo bora wa Ukerewe kuliko huo, na saa tatu za melini zinatosha kuuanza.

Jumapili mkirudi, kaeni upande wa kushoto wa meli. Chombo kikielekea kusini, Igombe itatokea kwanza, kisha uwanja wa ndege, kisha Kirumba, na jua la alasiri likiwa nyuma yenu kutoka magharibi mawe yote ya mji yatakuwa yamewaka rangi ya kutu mpaka kwenye Jiwe la Bismarck.