Kwa Nini Mtoto Mkubwa Hujichafua

Kaptagat, iliyo kusini-mashariki ya mji wa Eldoret, ni mahali penye baridi, kwani nchi ile imeinuka kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mama afuaye huko suruali za mtoto wake wa miaka 6 mara tatu kwa siku, kwa maji ya asubuhi, huchoka. Na akichoka huanza kumwona mtoto yule kuwa mvivu au mkaidi. Baba naye hutafuta fimbo. Lakini madaktari wa watoto wanajua ya kuwa mtoto aliyepita miaka 4, ambaye bado huchafua nguo zake kwa choo, mara nyingi hajui hata kidogo kwamba choo kinatoka.

La kustaajabisha ni kwamba chanzo chake, kwa watoto wengi, ni kufunga choo.

Mambo huanza hivi. Siku moja mtoto huenda haja, na choo kikiwa kigumu humwumiza. Siku ya pili hukumbuka maumivu yale, akajizuia. Choo kinachozuiliwa hukaa katika sehemu ya mwisho ya utumbo mkubwa, na kwa kuwa kazi ya utumbo huo ni kufyonza maji, kila siku ipitayo hukifanya kikavu zaidi. Hatimaye utumbo hutanuka kama mfuko uliojazwa kupita kiasi, ukapoteza nguvu zake za kusukuma na pia hisia ya kumwarifu mtoto kuwa haja imefika. Ndipo choo laini kinachofuata nyuma hupenya pembeni mwa kile kigumu na kuvuja nguoni. Mtoto hasikii. Hata harufu amekwisha kuizoea, ingawa wenzake darasani hawajaizoea.

Wazazi waonapo majimaji yale hudhani kuwa mtoto anaharisha, wakanunua dukani dawa ya kuzuia kuharisha. Dawa hiyo humfunga zaidi.

Mzazi mwangalifu aweza kutambua dalili mapema. Mtoto hukaza mapaja, husimama kwa ncha za vidole, au hujificha nyuma ya ghala uso ukiwa mwekundu. Wengi hudhani anajaribu kutoa choo, kumbe anakizuia. Tumbo huwa gumu, hamu ya chakula hupungua, na baada ya siku kadhaa hutoa choo kikubwa ajabu. Wengine hukojoa kitandani pia, kwa maana utumbo uliojaa hukibana kibofu.

Maisha ya nyumbani yaweza kuzidisha shida hii. Maziwa na mursik ni chakula chema, lakini mtoto anayeshiba maziwa kutwa hana nafasi ya kula mboga. Kwa aliyepita mwaka mmoja, kama nusu lita kwa siku yatosha. Afadhali ale managu, saga, maharagwe, uji wa wimbi, ugali wa unga usiokobolewa, na maembe au mapapai yatokayo bonde la Kerio, tena anywe maji ya kutosha hata wakati wa baridi. Choo cha shimo nacho chafaa kuangaliwa. Kuchuchumaa ni njia njema kuliko zote, lakini tundu pana lenye giza humtisha mtoto mdogo. Ubao wenye tundu dogo, taa, na mtu mkubwa wa kumsindikiza huondoa hofu hiyo. Au apewe poti ndani ya nyumba.

Hata hivyo chakula peke yake hakitoshi utumbo ukisha tanuka. Daktari au ofisa wa tiba kwanza huusafisha kwa dawa ya kulainisha choo, kama laktulosi, na mara nyingi dawa huendelea kwa miezi sita au zaidi, mpaka utumbo urudie hali yake. Siku za kwanza uchafu waweza kuongezeka, na wazazi wengi hukata tamaa hapo hapo. Wengine huacha dawa mara wanapoona nafuu, na shida ikarudi. Vipande vya sabuni, mafuta ya mbarika na dawa za kienyeji za kuendesha zisitumiwe kabisa. Zaweza kumjeruhi mtoto, na humwongezea hofu ya choo.

Pamoja na dawa, mtoto akae chooni dakika 5 hadi 10 baada ya chai ya asubuhi na baada ya chakula cha jioni, maana tumbo likipokea chakula utumbo huamka wenyewe. Asifiwe kwa kukaa, hata kama hakutoa kitu. Kumpiga au kumwaibisha mbele ya ndugu zake humfanya ajizuie zaidi.

Wako wachache wenye ugonjwa mwingine. Mtoto mchanga asiyetoa choo katika saa 48 za kwanza, au mtoto yeyote mwenye tumbo lililovimba pamoja na kutapika, choo chenye damu, miguu dhaifu au asiyeongezeka uzito, apelekwe hospitali upesi. Mwaka 1886 Harald Hirschsprung, daktari wa Denmark, aliwaeleza wenzake habari za watoto waliozaliwa na utumbo usiosukuma choo. Siku hizi hao hutibiwa kwa kupasuliwa. Katika mji wa Eldoret, hospitali ya watoto ya Shoe4Africa, iliyofunguliwa mwaka 2015, ni sehemu ya Hospitali ya Rufaa ya Moi.

Mwalimu naye aambiwe kwa siri, ili amruhusu mtoto kutoka darasani bila kuuliza, na suruali moja safi iwekwe katika mkoba wake wa vitabu.