Hesabu Iliyoizaa Krismasi

Kati ya Injili nne, ni ya Mathayo na ya Luka tu zinazosimulia kuzaliwa kwa Yesu Kristo, na hata hizo hazitaji siku wala mwezi. Wachungaji wa Luka waliokuwa wakilinda kundi lao usiku makondeni hutajwa mara nyingi kuwa ushahidi kwamba hayakuwa majira ya baridi, lakini simulizi lenyewe halikuandikwa kwa ajili ya kutoa tarehe, na kulilazimisha litoe ni kulionea. Wakristo wa mwanzo waliielekeza ibada yao kwenye Pasaka, yaani kumbukumbu ya kifo na ufufuko, na katikati ya karne ya 3 mwanazuoni Origene alikuwa bado akifundisha kwamba katika Maandiko wanaosherehekea siku zao za kuzaliwa ni wakosaji, kama Farao na Herode. Hata hivyo, udadisi haukukosekana, kwani karibu na mwaka 200 Klementi wa Aleksandria alieleza kwamba wapo waliodhani Yesu alizaliwa tarehe 20 Mei na wengine tarehe 19 au 20 Aprili, lakini tarehe 25 Desemba hakuitaja kabisa.

Tarehe hiyo inajitokeza kwa uhakika mjini Roma, katika kitabu cha kalenda cha mwaka 354 kilichoandaliwa na Filocalus, bingwa wa kuchora herufi, kwa ajili ya tajiri mmoja Mkristo. Ndani yake imo orodha ya siku za kuwakumbuka wafiadini, yaani waumini waliouawa kwa ajili ya imani, ambayo wataalamu wanakadiria kuwa ilitungwa mwaka 336, na inaanza kwa kusema kwamba tarehe 25 Desemba Kristo alizaliwa Bethlehemu ya Yudea. Katika kitabu hichohicho, hata hivyo, imo pia kalenda ya serikali inayoiita siku hiyo kuwa ya kuzaliwa kwa “Asiyeshindwa”, jina ambalo kwa kawaida hueleweka kuwa la mungu Jua, na kuiwekea mashindano 30 ya magari ya farasi.

Hapo ndipo ilipozuka nadharia inayorudiwa kila Desemba, kwamba Kanisa lilichukua sikukuu ya kipagani na kuivika vazi la Kikristo. Ina mvuto, kwa sababu kalenda ya Kirumi iliihesabu tarehe 25 Desemba kuwa siku ambayo mchana ni mfupi kuliko zote na jua huanza kurudi, na kwa sababu Kaisari Aurelian alilijengea Jua hekalu kubwa mjini Roma mwaka 274. Lakini hakuna maandishi yanayosema kwamba hekalu hilo lilizinduliwa tarehe hiyo, na ushahidi wa kale kabisa wa sikukuu ya Jua siku hiyo ni kitabu kilekile cha 354 kinachotaja pia ya Kristo, kwa hiyo ipi ilitangulia haiwezi kuamuliwa kwa dai tupu. Maelezo ya wazi kwamba tarehe iliazimwa kwa wapagani yanapatikana mara ya kwanza pembeni mwa muswada wa Kisiria wa karne ya 12, umbali mkubwa mno kwa shahidi wa jambo la karne ya 4.

Nadharia ya pili, ambayo mwanahistoria Mfaransa Louis Duchesne aliieleza mwaka 1889, inaanzia kwenye Pasaka yenyewe. Tertuliani wa Kartago, karibu na mwaka 200, aliihesabu siku ya kusulubiwa kuwa tarehe 25 Machi, na baadaye Askofu Agostino akaandika kwamba Kristo aliaminiwa kutungwa mimba siku ileile ya mwezi aliyokufa. Ukihesabu miezi tisa kutoka hapo unafika tarehe 25 Desemba. Mashariki, ambako wengine waliweka kifo hicho tarehe 6 Aprili, hesabu hiyohiyo inafika tarehe 6 Januari, ambayo ndiyo iliyokuwa sikukuu ya kuzaliwa katika makanisa mengi ya huko. Udhaifu wake ni kwamba hoja hiyo nzima inaonekana katika maandishi baada ya sikukuu kuwepo, lakini inazieleza tarehe zote mbili, wakati nadharia ya Jua inaieleza moja tu, na kwa sababu hiyo nadharia hii ya pili inastahili kupewa uzito zaidi.

Hilo halimaanishi kwamba Jua halikuwa na nafasi katika fikra za waumini, kwa maana katikati ya karne ya 5 Papa Leo Mkuu aliwakemea Wakristo wa Roma waliogeuka kwenye ngazi za kanisa la Mtakatifu Petro na kuliinamia jua linalochomoza.

Kuenea kwa tarehe ya Roma kulichukua muda. Mwaka 386 mhubiri Yohane Krisostomo aliwaambia waumini wa Antiokia kwamba sikukuu hiyo ilikuwa haijatimiza miaka kumi tangu ijulikane kwao, Yerusalemu iliikubali katika karne ya 6, na Kanisa la Armenia linashikilia tarehe 6 Januari hadi leo. Mageuzi ya kalenda ya mwaka 1582 yakaongeza tofauti nyingine, maana kalenda ya zamani ya Kaisari Yulio sasa iko nyuma kwa siku 13, na ndiyo sababu Bethlehemu husherehekea kuzaliwa kwa Kristo mara tatu: Wakatoliki tarehe 25 Desemba, Waorthodoksi, wanaoifuata kalenda hiyo ya zamani, tarehe 7 Januari, na Waarmenia wa huko, wanaoihesabu tarehe 6 Januari kwa kalenda ya zamani, tarehe 19 Januari.