Jicho la Angani Rufiji

Ndugu msomaji, helikopta ikipita juu ya vijiji vyetu vya Kibaha na Kisarawe, watoto hutoka nje mbio na kupunga mikono. Sisi wakubwa nasi tunainua vichwa. Mara nyingi tunamfikiria rubani tu, yaani yule anayeiendesha. Lakini helikopta ya vita kwa kawaida haina rubani peke yake. Yupo mwenzake. Huyu hutazama chini na pembeni, na hupeleka habari kwa redio. Rubani ni mikono na miguu. Mwenzake ni macho na mdomo.

Kazi hiyo ya mtu wa pili ilifanyika hapa hapa mkoani kwetu Pwani mwaka 1915. Wakati huo helikopta zilikuwa bado hazijaanza kutumika. Zilikuwepo ndege za mbao, vyuma na kitambaa. Leo tutaeleza watu wa ndege hizo walivyoishi na walivyoruka. Kisha tutajiuliza swali moja: kwa nini habari zao tunazo, na habari za wazee wetu waliokuwa pale pale ni chache sana?

MELI ILIYOJIFICHA

Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka 1914 na kwisha mwaka 1918. Wakati ule nchi yetu ilitawaliwa na Wajerumani. Walikuwa na meli moja ya vita iliyoitwa Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 meli hiyo iliizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Zanzibar. Baadaye ikaingia katika delta ya mto Rufiji na kujificha.

Delta ni mahali ambapo mto hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini. Delta ya Rufiji imejaa mikoko mirefu. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwa sababu maji ni ya kina kifupi. Zilikaa nje baharini zikilinda. Lakini mlinzi aliye nje hawezi kuona kilicho nyuma ya msitu. Basi wakatafuta jicho la kutazama kutoka juu.

Ndege ya kwanza ililetwa kutoka Durban, Afrika ya Kusini. Rubani wake, Cutler, aliiona Königsberg mwezi Novemba 1914. Mwezi Desemba injini ikamharibikia, akashuka majini, na Wajerumani wakamkamata.

JOTO LILIVYOWASHINDA

Mapema mwaka 1915 Waingereza waliteka kisiwa cha Mafia. Baadaye pakafyekwa uwanja wa ndege huko, ng'ambo ya delta. Ndege nyingine zikaletwa kutoka Ulaya. Hapo ndipo walipokutana na adui ambaye hakuwa na bunduki. Adui huyo ni joto la pwani.

Ndege zile zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi. Jua la Mafia lililegeza gundi, na mbao zikaanza kuachana. Tena kuna jambo jingine. Hewa yenye joto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi. Ndege hushika hewa kwa mabawa yake, kama mwogeleaji anavyoshika maji kwa mikono. Hewa ikiwa nyepesi, bawa hukosa nguvu ya kushika, na injini nayo hupungukiwa nguvu. Ndege mbili za mwanzo zilishindwa kabisa kupanda juu kiasi cha kutosha. Hata helikopta za siku hizi hupata shida hiyo. Siku ya joto kali hubeba mzigo mdogo zaidi.

Kwa hiyo maisha ya watu wa ndege hayakuwa kuruka tu. Sehemu kubwa ya siku ilikuwa kazi ya ufundi: kukagua mbao, kukaza nyaya, kutengeneza injini. Walipambana na mbu na homa kama askari wengine wa pande zote mbili. Ndege nyingine ziliharibika kabla ya kufika vitani.

KAZI YA MTU WA PILI

Mwezi Julai 1915 Waingereza waliingiza mtoni meli mbili ndogo za mizinga, Severn na Mersey. Meli hizi zilikuwa bapa, hivyo ziliweza kupita kwenye maji ya kina kifupi. Mizinga yao ilikuwa mikubwa na yenye kufika mbali. Lakini wapigaji hawakuiona Königsberg. Msitu ulikuwa katikati.

Sasa je, utapigaje usichokiona? Fikiri hivi. Wewe uko nyuma ya ukuta, unataka kuangusha embe kwa jiwe. Mti uko upande wa pili. Mwenzako amepanda juu ya mnazi. Unatupa jiwe, naye anakuambia: "Umepitiliza. Punguza kidogo. Sasa sogea kushoto." Ukimsikiliza vizuri, jiwe la sita au la saba litapata embe.

Mtu wa pili ndani ya ndege alifanya hivyo hivyo. Ndege ilizunguka juu ya Königsberg. Yeye aliangalia kombora limeanguka wapi: mbele, nyuma, kushoto au kulia. Kisha alipeleka habari kwa redio. Redio ile haikubeba sauti. Ilibeba milio mifupi na mirefu, na kila mpangilio wa milio ulikuwa na maana yake. Akikosea mlio mmoja, mizinga inapiga pengine.

Kazi hiyo aliifanya katika kiti kilicho wazi, upepo ukimpiga na injini ikinguruma. Wakati huo huo Wajerumani walikuwa wakiipiga ndege yake kutoka chini.

Tarehe 6 Julai walijaribu kutwa nzima. Walishindwa. Wajerumani nao walikuwa na watazamaji wao nchi kavu, na makombora yao yaliipata Mersey na kuua mabaharia. Waingereza wakarudi nyuma kutengeneza meli zao.

SIKU YA TAREHE 11 JULAI

Tarehe 11 Julai walirudi tena. Rubani aliitwa John Cull, na mtu wa pili aliitwa Arnold. Arnold alituma habari, mizinga ikarekebishwa, makombora yakaanza kuipata Königsberg. Mara ndege yao ikapigwa. Injini ikafa.

Ndege ikizimika angani haianguki papo hapo kama jiwe. Rubani akiielekeza vizuri, huteleza hewani kama mwewe asiyepiga mabawa. Cull aliielekeza ndege upande wa meli za wenzao. Arnold alituma habari kwamba wamepigwa, waletewe mashua. Halafu, wakiwa bado wanashuka, aliendelea kutuma habari za makombora. Hakuacha kazi mpaka walipokaribia maji.

Ndege ilianguka mtoni karibu na Mersey na kupinduka. Cull alikuwa amefungwa mkanda, akahangaika chini ya maji mpaka akajinasua. Wote wawili waliokolewa na mashua.

Siku hiyo Königsberg iliangamia. Nahodha wake, Looff, aliamuru mabaharia wailipue wenyewe ili isitekwe. Cull na Arnold walipewa nishani.

WALIOKUWA CHINI

Habari hizi tunazijua kwa sababu ziliandikwa. Cull aliandika taarifa. Looff aliandika kitabu. Makaratasi yao yakatunzwa.

Lakini hawakuwa peke yao mahali pale. Kabla ya hapo, mitambo ya mvuke ya Königsberg iliharibika. Ikavutwa kwa nguvu za watu kupitia nchi kavu mpaka Dar es Salaam ikatengenezwe, kisha ikarudishwa mpaka Rufiji. Tazama ramani ya mkoa wetu, ndugu msomaji. Uone nchi iliyo kati ya Rufiji na Dar es Salaam. Waliovuta vyuma vile walikuwa Waafrika. Meli ilipoangamia, mizinga yake 10 ilitolewa majini na kuvutwa tena kwa mikono. Ikaendelea kupigana nchi kavu.

Wabebaji wa pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita vile. Wengi waliuawa na njaa, maradhi na uchovu. Sanamu ya Askari iliyoko Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, ina maneno ya kuwakumbuka askari na wabebaji. Lakini haina jina la mbebaji hata mmoja. Alikula nini? Alilala wapi? Alipoisikia ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake, alidhani ni kitu gani? Wazee wale waliwasimulia watoto wao. Watoto wakawasimulia wajukuu. Kila msimuliaji alipokufa, kitu fulani kilipotea. Mali bila daftari hupotea bila habari.

KALAMU IKO MKONONI MWAKO

Wabebaji walio wengi hawakupata nafasi ya kujifunza kusoma na kuandika. Sisi tumeipata. Basi tuitumie.

Vita vya Kagera vilipiganwa mwaka 1978 hadi 1979. Waliokuwa vijana wakati ule sasa ni wazee. Huenda kijijini kwako yupo mmoja. Si lazima awe alirusha ndege. Mpishi, dereva, fundi, mwanamgambo na muuguzi, kila mmoja alikuwa na kazi yake. Hata mama aliyebaki akilima na kulea watoto wakati mumewe yuko vitani ana habari yake.

Nenda umwamkie. Mwombe ruhusa. Usianze na mambo makubwa. Muulize mambo ya kila siku: siku ilianzaje, walikula nini, maji yalitoka wapi, kazi yake ilikuwa ipi, nani alikuwa mwenzake. Andika kwa maneno yake mwenyewe. Andika jina lake, kijiji chake, na tarehe mliyozungumza. Ukimaliza, msomee ulichoandika ili asahihishe. Asichotaka kiandikwe, usikiandike. Daftari liweke mahali pakavu, mbali na mchwa.

Arnold alikumbukwa kwa sababu alifanya kazi yake, na mwingine akaandika kwamba aliifanya. Wazee wetu nao walifanya zao. Kuandika kumebaki kwetu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini ndege za mwaka 1915 zilipata shida katika joto la pwani?
2. Mtu wa pili ndani ya ndege aliwasaidiaje wapigaji wa mizinga?
3. Ni nani kijijini kwetu ambaye habari zake zinafaa kuandikwa mwaka huu, na nani kati yetu ataziandika?